Swali la Tisa

Akonkwa alipanda na karatasi zake hadi huku Kadutu juu,
na kalamu mbili, moja yake, moja ya kunikopesha.
"Mama Nsimire, niko na maulizo kidogo,
ni ya kazi yangu ya kumaliza masomo."
Nikamketisha juu ya kidumu; kiti kilikuwa na sambaza.

Swali la tisa: Kwa nini unaendelea
kufuata mapendekezo ya watu kwenye simu
kabla ya kununua kitu?
Chini yake visanduku vitano, vitupu, vinangoja:
ni rahisi, ni haraka, inanifaa, naiamini, nimezoea.

Mwanangu, kama ni kuamini, uliza ile pasi.
Watu mia mbili na kumi walikuwa wameisifu,
nyota tano, nyota tano, mbingu nzima.
Niliitoa Nyawera nimeifunga mgongoni kama mtoto.
Umeme uliporudi usiku wa manane
(nani hapa halali sikio moja wazi?)
niliamka nipige pasi sare za shule.
Ikanuka. Ikalia. Ikafa,
ikaacha doa kwenye shati la Byamungu
ambalo yeye huliita Ziwa Kivu,
na kweli, hata Idjwi imo,
kipande katikati kisichoungua.

Kama ni rahisi, mega za franka elfu moja
huisha picha ya pili haijafunguka.
Kama ni haraka, njoo siku ya mvua
uone kale kaduara kanavyozunguka, kanazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Usiandike bado.

Usiku ule wa pasi niliandika kwa hasira:
Msiinunue. Nyaya zake nyembamba.
Mimi ni fundi cherehani, pasi nazijua.
Nikalala.
Asubuhi nikamkuta mtu wa Panzi, Ntakwinja,
simjui, picha yake ni ua la njano:
"Aksanti mama. Nilikuwa na pesa tayari mkononi."

Pesa mkononi, Akonkwa!
Nilihisi kana kwamba nimezishika mimi zile noti,
nikazirudisha kwenye kitambaa chake, nikapiga fundo.
Nyumbani humu, hata kufuli,
baba Byamungu huenda kwanza kumuuliza kaka yake.
Pale watu kumi na tisa walisema neno langu limewafaa.
Kumi na tisa. Niliwahesabu nikichambua mchele,
nikaanza tena, kokoto zikapita.

Halafu kuna Nankafu, mdogo wangu, yuko Kalemie.
Hatukugombana. Ni miaka tu,
na kila mmoja kungoja mwenzake apige.
Mwezi wa nne simu iliniletea, bila kuombwa,
kati ya sufuria na viatu vya plastiki:
Nankafu amependa hili.
Beseni. La buluu. Lenye mgongo
wa kuegemeza kichwa cha mtoto mchanga.

Miaka kumi na moja ya ndoa.
Dawa za hospitali, dawa za mizizi, maombi ya usiku,
maneno ya mawifi.
Na mimi nimesimama jikoni na beseni kwenye kiganja.

Sikumpigia. Habari ya namna hiyo haivunjwi
kabla mwenyewe hajaifungua.
Nilibonyeza tu, nami, kwamba nimelipenda,
ili huko aliko aone
jina langu limekaa karibu na lake.

Akonkwa alikuwa amesimamisha kalamu hewani.
"Sasa mama, alama niweke wapi?"
Nikamwambia, weka nimezoea,
chuoni watakuelewa.
Akaweka.

Alipofika chini, penye ule mfereji uliokula njia,
akageuka akaita kwa mikono miwili mdomoni:
"Mama! Na viatu vya tope, vile vizuri,
nivitafute kwa nani?"
Mimi tayari nilikuwa natafuta simu,
mikono imejaa magamba ya sambaza.